Mtu Asiyejua Kesho Yake

Msimamizi mpya, awe amekabidhiwa duka la vitambaa Mtaa wa Biashara, jiko la mkahawa Mji wa Kale au ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Moi Avenue, aghalabu huanza kazi akitafuta moja kati ya mawili: aogopwe au apendwe. Wa kwanza hupandisha sauti. Wa pili huagiza mahamri na mbaazi kwa wote kila asubuhi na kucheka na kila mtu. Wote wawili wanapoteza wakati, kwa sababu wafanyakazi hawatazami hayo. Wanachokitazama tangu juma la kwanza ni kama neno lake linasimama. Alisema mshahara utatoka tarehe mbili; ulitoka? Alisema Jumapili ya mapumziko haitaguswa, iliguswa? Alisema mwenye kukosea aje amwambie. Yule aliyekwenda kumwambia alifanywa nini?

Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja. Kazi ya kwanza ya msimamizi ni kuwapunguzia watu wake wasiwasi wa kesho. Mtu akijua atalipwa lini, atafanya kazi siku gani, anatakiwa kufanya nini na akikosea atatendewa vipi, akili yake hubaki kazini. Asipojua, sehemu ya akili hiyo iko kwingine, na hata umsimamie begani kutwa nzima huipati.

Kisiwa hiki cha Mombasa kimekwisha kulipima jambo hili, tena kwa gharama. Kwa miaka mingi kazi ya kupakia na kupakua meli katika bandari ya Kilindini ilifanywa na vibarua wa kutwa. Watu walijitokeza asubuhi, serahangi wakachagua waliowataka, na waliobaki wakarudi makwao mikono mitupu. Leo meli zimejaa gatini, kesho bandari iko kimya. Kwa hesabu ya kampuni mpango ulikuwa rahisi: humlipi mtu siku ambayo huna kazi naye. Hasara yake haikuandikwa katika daftari lolote, lakini ilikuwepo. Kibarua hakuwa na sababu ya kuijua kazi kwa undani, maana kesho huenda asichaguliwe. Hakuwa na sababu ya kuharakisha, maana meli ikiisha na ujira umekwisha. Wengi walifanya siku za kutosha kodi na chakula, kisha wakapumzika au wakaenda kulima kwao. Wakubwa wakawaita wavivu. Watu wale walikuwa wakiujibu mpango kama ulivyopangwa: tajiri hakuwaahidi chochote zaidi ya leo, nao hawakumpa chochote zaidi ya leo.

Migomo ikaja, 1934, kisha 1939 wakati kodi za nyumba zilipokuwa zikiwaumiza watu, na kubwa kuliko zote ikaanza tarehe 13 Januari 1947. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wa hotelini, hata watumishi wa majumbani. Kila siku walikutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo kikaundwa chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akatokea kuwa kiongozi wake. Karibu wiki mbili mji ulisimama, mpaka Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yao yangesikilizwa. Baraza la usuluhishi likaundwa chini ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria, na mishahara ikaongezwa.

Kibachia alikamatwa Agosti ya mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini Kabarnet kwa miaka mingi. Malalamiko hayakukamatwa pamoja naye. Machi 1955 bandari ikagoma tena. Safari hii Tom Mboya, kijana wa miaka 24 aliyekuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, aliteremka Mombasa, akawaomba watu warudi kazini na akashughulikia madai yao mezani. Makuli wakapata nyongeza ya asilimia 33. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 waajiri na serikali walikuwa tayari wameanza kuachana na vibarua wa kutwa na kuwaingiza watu wa bandari katika ajira ya mwezi, kwa sababu walikuwa wametambua kwamba bandari ya kisasa haiendeshwi na watu wasiojua kama kesho watakuwepo.

Nimekaa sana kwenye bandari kwa sababu makosa yale yale yangali yakifanywa leo katika maduka yenye watu watano. Nenda uchochoro wowote wa Mji wa Kale utamkuta kijana aliyefanya kazi mahali pamoja miaka mitatu na bado anaitwa kibarua. Hulipwa jioni, hana likizo, hana karatasi, na tajiri wake anashangaa kwa nini aliondoka ghafla alipopata shilingi mia zaidi mahali pengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeshalisema hili. Kifungu cha 37 kinaeleza kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa wa mwezi. Na mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi. Kama mfanyakazi hajui kusoma, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha ameelezwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Basi ukipewa usimamizi, kabla ya kugusa chochote, uliza nani hapa hana karatasi na amekaa muda gani. Pengine huna mamlaka ya kumpa mkataba. Lakini unaweza kumwendea mwenye biashara ukiwa na majina, tarehe na kifungu cha sheria mkononi, na hilo ni bora kuliko kumwambia kijana avute subira mwaka mwingine.

Fedha ndiyo mahali ambapo neno la msimamizi hupimwa mapema kuliko pote. Chagua tarehe ya mshahara ambayo biashara inaiweza, hata kama si tarehe ya mwisho wa mwezi, kisha usiivunje. Siku utakapoona haitawezekana, sema kabla tarehe haijafika. Mwenye nyumba wa Kibokoni au Majengo huja tarehe yake. Mfanyakazi aliyeambiwa tarehe 28 kwamba mshahara utachelewa siku nne anaweza kwenda kumwomba mwenye nyumba muda. Aliyeambiwa tarehe mbili jioni, baada ya kusubiri siku nzima akitazama simu kama M-Pesa imeingia, hana la kufanya ila kukopa kwa riba. Deni lile lile, ucheleweshaji ule ule, lakini wa kwanza atakuamini mwezi ujao.

Kuhusu makato, weka hesabu wazi kwenye hati ya mshahara na usikate kwa hasira. Sheria inaruhusu kukata hasara ambayo mfanyakazi ameisababisha kwa makusudi, na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Bilauri iliyovunjika saa ya msongamano haimo. Najua mikahawa inayomkata mhudumu kila sahani inayopasuka, na najua pia kinachofuata: sahani zilizopasuka hufichwa chini kabisa ya pipa la taka, na mteja anahudumiwa kwa sahani yenye ufa kwa sababu hakuna anayethubutu kuitoa.

Kuna pia suala la advansi. Hapa kwetu kila msimamizi anajua miezi yake: Januari watoto wanaporudi shule, na siku za mwisho za Ramadhani watu wanapotafuta nguo za Idi. Usilifanye jambo la huruma ya siku hiyo, kwamba leo umefurahi unatoa, kesho umekasirika unanyima. Weka kanuni moja: kiasi fulani cha mshahara, mara fulani kwa mwaka, kinaandikwa na kurudishwa kwa miezi inayojulikana. Ukimpa mmoja kimyakimya, kwenye duka la watu sita wote watajua kabla ya adhuhuri.

Nikija kwenye kutoa maagizo, nitaeleza nilichokiona katika jiko moja la Mji wa Kale wakati wa Ramadhani. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, joto la jiko linachoma uso, na mpishi mkuu, mzee wa sauti ya chini, alikuwa amesimama karibu na karai. Hakusema "fanyeni haraka". Alimwita mmoja mmoja. "Wewe mwanangu, sambusa mia tatu. Ziwe zimetoka saa kumi na moja kamili, maana watu wa Likoni hununua kabla ya kuwahi feri. Nieleze utaanza na zipi." Kijana akajibu kwamba atakaanga za nyama kwanza na za mboga mwisho, kwa sababu za mboga zikikaa hulegea. Mzee akatikisa kichwa na kumgeukia wa viazi karai, kisha mama wa uji wa pilipili manga, kisha aliyepewa kuhesabu mifuko na kukaa mlangoni. Dakika tano hazikupita. Kila mmoja alikuwa anajua kiasi, saa na sababu, na kila mmoja alikuwa ameyasema kwa kinywa chake.

Hiyo sababu ndiyo wasimamizi wengi huiacha. Kijana aliyeambiwa saa kumi na moja tu, mafuta yakimchelewesha ataona saa kumi na moja na nusu si kitu. Aliyeambiwa habari ya watu wa Likoni atajua mwenyewe kwamba mafuta yakichelewa apunguze za mboga na awahi za nyama. Na lile swali la mwisho, "nieleze utaanza na zipi", ndilo lililoonyesha kama maneno yamefika. Ukimwuliza mtu "umeelewa?" atasema ndiyo, hata kama hajaelewa, kwa heshima tu.

Ramadhani inaleta jambo jingine linalohitaji msimamizi mwenye macho. Katika kisiwa hiki Mswahili, Mgiriama, Mdigo, Mkamba, Mjaluo, Bohora na mwenye asili ya Hadhramaut huweza kuwa wote chini ya paa moja. Wanaofunga wanataka kufika nyumbani kabla ya magharibi. Mara nyingi msimamizi huwabebesha wasiofunga zamu zote za jioni, mwezi mzima, kana kwamba wao hawana nyumba. Wao hunyamaza, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anapinga mwezi mtukufu, lakini uchungu unabaki na huja kujitokeza mahali pengine, katika ugomvi mdogo wa Mei au Agosti ambao hakuna anayejua ulianzia wapi. Panga zamu zote za mwaka mapema. Wanaosimama jioni za Ramadhani wapewe siku zao za Krismasi na Pasaka bila kuziomba, na wanaofunga wasimame siku hizo. Wape wanaokwenda Ijumaa saa yao na uifidie kwa utaratibu unaojulikana. Wape wanaokwenda kanisani Jumapili yao. Ukiandika ubaoni mapema, hakuna anayekuja kukuomba hisani kwa ajili ya dini yake. Na mkikutana, zungumzeni Kiswahili. Msimamizi anayemgeukia mtu wa kwao na kumalizia kikao kwa lugha ya nyumbani amewaambia wengine kwamba kuna kikao cha pili wasichoalikwa.

Kuhusu kuchelewa sitasema mengi. Anayetoka Likoni hutegemea feri, na anayetoka Kisauni hutegemea foleni ya Daraja la Nyali. Feri ikikwama, wote wa ng'ambo watachelewa pamoja na utajua. Anayechelewa peke yake siku ambayo wenzake wa njia ile ile wamefika, huyo ndiye wa kuzungumza naye, na uzungumze naye mara ya pili, usingoje ya kumi. Kisha jiangalie na wewe: ukiwazuia watu hadi saa nne za usiku bila kujua watafikaje nyumbani, huna haki kubwa ya kuwahesabia dakika za asubuhi.

Kumsimamia mtu aliyekuzidi umri ni mtihani ambao vijana wengi wa vyuo hufeli Mombasa. Kijana anarudi na shahada yake, anawekwa juu ya karani aliyejaza fomu za forodha tangu kabla yeye hajazaliwa. Wengine huamua kuonyesha mamlaka siku ya kwanza. Wengine humwogopa mzee na kumwacha afanye atakavyo, mpaka kosa moja katika karatasi linaiweka kontena bandarini na gharama za kuihifadhi zinapanda kila siku. Heshima na usimamizi havipingani. Mwendee mezani pake, usimwite kwako. "Ami, sabalkheri. Nimeipitia hii hati ya shehena. Uzito ulioandikwa huku unatofautiana na ule wa kwenye fomu yetu. Tutazame pamoja kabla haijaenda kwa watu wa forodha wa KRA." Katika maneno hayo kosa limetajwa wazi, halikufichwa wala kupunguzwa. Mzee hakuvunjiwa uso mbele ya watoto. Na fomu haitoki mpaka irekebishwe, jambo ambalo ndilo shabaha ya mazungumzo yote. Akikataa kuirekebisha, hapo ndipo unapomwambia, bado kwa kumwita Ami, kwamba mwenye kuijibia fomu hii ni wewe na haitatoka hivi.

Ndugu wa tajiri ni habari ngumu zaidi. Biashara nyingi za kisiwa hiki ni za familia, na familia ndizo zilizozifikisha hapa. Duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa 1887. Sina neno na mtu kumpa mwanawe kazi. Taabu huanza pale mpwa wa mwenye duka anapokataliwa ruhusa na msimamizi, akavuka barabara kwa mjomba na kurudi ameipata. Tangu siku hiyo msimamizi huyo ni jina tu. Dawa yake hutafutwa kabla ya kuukubali wadhifa. Mwambie tajiri akutangaze mbele ya wote, pamoja na wa nyumbani kwake, na aseme mwenyewe kwamba ruhusa, zamu na maonyo yanatoka kwako. Akisitasita kulisema hilo, umeshajua kazi unayopewa ni ya namna gani, na ni heri ulijue kabla hujatia saini.

Sasa makosa. Amy Edmondson, msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipochunguza wodi za hospitali nchini Marekani katika miaka ya 1990, alikuta wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Alipofuatilia, aliona kwamba tofauti ilikuwa katika kusema: kwenye wodi hizo watu hawakuogopa kutaja kosa, na kwenye nyingine walilificha. Kila msimamizi anapaswa kujiuliza habari mbaya humfikia baada ya muda gani. Kama kila jambo unalisikia kwa mteja kwanza, watu wako wanakuogopa.

Wizi ni mlango mwingine, nao hutuharibia watu wengi kwa sababu ya pupa. Tuseme hesabu ya Jumamosi katika duka la leso imepungua doti nne. Msimamizi mwenye pupa hupiga kelele palepale mbele ya wateja, hutazama mfanyakazi aliyeingia juzi, na jioni mtu huyo amefukuzwa. Anza na daftari. Je, kuna mama wa harusi aliyechukua kwa mkopo na hakuandikwa? Je, mzigo ulipofika ulihesabiwa na nani? Je, funguo ziko kwa wangapi? Mara nyingi doti nne hupatikana katika maswali hayo matatu. Zisipopatikana, na una sababu ya kumshuku mtu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kimekupa utaratibu: mweleze, kwa lugha anayoielewa, ni kosa gani unalomtuhumu nalo na kwamba unafikiria kumwachisha, mruhusu awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake anayemtaka, kisha msikilize yeye na huyo mwenzake kabla hujaamua. Andika yaliyosemwa na wote watie saini.

Wapo wenye maduka wanaoliona hilo ni jambo la kampuni kubwa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo chake hapa Mombasa, na fidia ya kumwachisha mtu isivyo haki yaweza kufika mshahara wa miezi 12. Lakini hata mahakama isingekuwepo ningeshauri vivyo hivyo. Wafanyakazi waliobaki walikuwa wakitazama. Wakiona mwenzao amefukuzwa bila kusikilizwa, kila mmoja anajua zamu yake yaweza kuwa kesho, na kuanzia hapo hakuna atakayekuletea hesabu iliyopungua akiwa peke yake. Ataisawazisha kwa kalamu.

Kuna kosa moja lisilo na nafasi ya kulizungukazunguka, nalo ni la kuwasumbua wanawake kazini. Msichana wa dukani akikuambia kwamba mwenzake, au mteja mkubwa, au tajiri mwenyewe anamgusa au anamtaka kwa ahadi ya kazi, usimwambie avumilie wala usimuulize amevaaje. Andika, mweke mbali na mtu huyo siku hiyo hiyo bila kumpunguzia yeye saa wala mshahara, na lifikishe linapostahili. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa na sheria awe na mwongozo wa maandishi juu ya jambo hili. Mwenye watu wanne hana sharti hilo la maandishi, lakini wajibu wa kumlinda mtu wake anao.

Msimamizi hupimwa kwa namna nyingine siku mambo yanapovunjika kwa sababu zisizo zake. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona. Hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15, na muda ukaongezwa hadi mapema Juni. Ni majuma ambayo wauza vyakula na nguo hutegemea kwa mwaka mzima. Mfanyakazi wa Likoni hakuweza kufika dukani, wa Kibokoni hakuweza kutoka kwenda kazini Ganjoni. Katika hali kama ile msimamizi hana majibu mengi, na wengi hunyamaza wakingoja wayapate. Kimya hicho hakimsaidii mtu. Piga simu kwa kila mmoja, usitume ujumbe wa jumla. Sema mambo unayoyajua: biashara imefungwa, kilichomo ni hiki, tunaweza kulipa nusu kwa mwezi huu, mwezi ujao sijui, nitakupigia tena Jumatatu. Kisha Jumatatu upige, hata kama huna jipya. "Bado sina" kutoka kwa mtu aliyepiga siku aliyosema ina uzito wake, kwa sababu aliyeisikia anaweza kuamua kama atafute kibarua kingine au asubiri.

Mapigo mengine hayapiti kwa wiki. Baada ya reli ya SGR kuanza kazi 2017 na shehena nyingi kupakiwa kwenye treni hadi Nairobi, kampuni nyingi za malori na uwakala wa forodha Mombasa zilipunguza watu. Ukilazimika kupunguza, usianze na unaowachukia. Kifungu cha 40 kinataka notisi ya mwezi kwa afisa wa kazi na kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe kama hana chama, na kinataka uteuzi uzingatie muda mtu aliokaa, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Anayeondoka hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, pamoja na likizo zake ambazo hakuzichukua. Mweleze umemteua kwa kipimo gani. Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, asubuhi, akiwa na siku nzima ya kuuliza maswali. Barua ya Ijumaa jioni mikononi mwa mlinzi wa mlangoni ni uoga.

Na kila anayetoka, hata kama mmegombana, hata kama umemwachisha kwa kosa, mpe cheti cha utumishi. Ni haki yake kwa kifungu cha 51, isipokuwa kama hakumaliza wiki nne mfululizo kazini. Kinaandikwa kwa mistari michache: jina na anwani ya mwajiri, jina lake, tarehe aliyoanza, kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia, tarehe aliyoacha. Hukulazimishwa kumsifu. Mpe mkononi siku ile ile ya malipo ya mwisho, asiwe na haja ya kurudi kukiomba.